Fundi Akisema "Badilisha", Muulize Kwa Nini

(Mazungumzo na Waswahili waishio Uingereza, yameandikwa kama yalivyotolewa)

Shikamooni wazee wangu. Kaka na dada zangu, habari za jioni.

Baridi ikishaanza kuuma hapa Uingereza, simu za mafundi wa gesi hazilali, na swali ni lile lile. Boila, ule mtambo wa gesi unaopasha joto nyumba na maji ya kuoga, imezima, fundi kaja, kafungua kifuniko, kaguna, kasema: "Hii imezeeka, badilisheni." Tubadilishe kweli? Mimi nasema umri peke yake si sababu. Kuna boila ya miaka 18 ambayo ningeiacha ifanye kazi, na kuna ya miaka 9 ambayo singeitilia hata senti.

Niondoe kwanza lile lisilo na mjadala. Moto wa gesi unatakiwa uwe wa buluu, umesimama imara. Ukiuona wa njano, unalegalega, au kuna masizi kwenye boila, au watu wa nyumbani wanaumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kinachopungua wakitoka nje, hapo hatuzungumzii bei tena. Zima boila, fungua madirisha, tokeni, pigeni 0800 111 999, namba ya dharura ya gesi. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na kengele yake ya ukutani haigharimu pesa nyingi. Anayegusa upande wa gesi awe na kadi ya Gas Safe, daftari rasmi la mafundi wa gesi lililochukua nafasi ya lile la CORGI mwaka 2009. Mwombe kadi, igeuze. Nyuma pameandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya. "Ni binamu yake shemeji, alikuwa fundi bomba Tanga" haitoshi. Mnacheka, lakini mnamjua.

Haya, tuje kwenye pesa. Swali la maana ni boila yako ni ya kizazi gani. Mwaka 2005 sheria za ujenzi za England na Wales zilibadilika: tangu hapo boila mpya ya gesi, isipokuwa kwa nyumba chache zenye udhuru, lazima iwe ya aina inayopoza moshi wake mpaka mvuke uliomo ugeuke maji, na joto lile lirudi kwenye mfumo badala ya kupotelea kwenye dohani. Utaitambua kwa kibomba cha plastiki kinachotoa maji yale kuyapeleka kwenye mtaro. Ya zamani haina kibomba hicho, na nyingine ina kijimoto kinachowaka usiku na mchana, kiangazi na baridi, hata mkiwa likizo Mombasa.

Chukua nyumba inayotumia gesi ya pauni 1,000 kwa mwaka kupasha joto. Boila ya zamani inatumia vizuri asilimia 70 hivi ya gesi hiyo. Mpya inafika 90. Joto lile lile utalipata kwa pauni 778 hivi, umeokoa 222. Ukifungiwa mpya kwa pauni 2,600, utakaa zaidi ya miaka 11 kabla pesa haijarudi. Si mbaya, lakini si muujiza. Sasa chukua jirani mwenye boila ya mwaka 2008 inayofika asilimia 88. Akibadili apate ya 92, ataokoa pauni 43 au 44 kwa mwaka. Pesa yake itarudi baada ya miaka 60! Huyo akiambiwa abadili "ili kupunguza bili", aombe maelezo zaidi. Bili yake itapungua zaidi akishusha joto la maji yanayokwenda kwenye rejeta, vile vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba joto, kutoka nyuzi 80 hadi 60, kwa sababu boila hizi hugeuza mvuke kuwa maji vizuri pale tu maji yanaporudi yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi. Kitufe kipo mbele ya boila. Watu wengi hawajawahi kukigusa.

Kuhusu ubovu wenyewe: kuna sehemu zinazokufa na boila ikabaki nzima. Feni, pampu, bodi ya umeme, vali inayochagua maji yaende bombani au kwenye rejeta, hizo hubadilishwa. Geji ya shinikizo la maji ikipanda hadi 3 boila ikiwaka, halafu ikashuka hadi sifuri ikipoa, na nje kuna kibomba cha shaba kinachodondosha maji, mara nyingi hewa imeisha kwenye tangi dogo la ndani linalopokea maji yanapotanuka. Fundi huijaza kwa pampu tu. Na siku ya barafu kali, boila ikigugumia na kuzima, katazame kile kibomba cha plastiki nje: maji yameganda ndani. Kimwagie maji ya uvuguvugu, yasiwe ya kuchemka, kisha iwashe upya. Wapo walioandikiwa boila mpya kwa barafu ya urefu wa kiganja.

Kinachonifanya niseme "badilisha" ni ile sehemu moto unapokutana na maji kuwa imetoboka, au vipuri kuwa havitengenezwi tena na unauziwa vilivyotolewa kwenye boila mbovu ya mtu mwingine. Hapo, na pale matengenezo yanapokujia kila msimu, acha kuhurumia.

Lakini hata ukibadili, tazama maji. Fungua rejeta ya zamani uyamwage kwenye beseni: yanatoka meusi kama wino, na ukiweka sumaku, tope lile linaifuata. Ni chuma cha rejeta zako kilicholika. Kufunga boila mpya kwenye maji hayo ni kumwekea mtoto maziwa safi kwenye chupa isiyooshwa. Makadirio ya bei yasiyotaja kusafisha mfumo, dawa ya kuzuia kutu na chujio la sumaku, yarudishe.

Wapangaji, msitoe pesa. Kwa upangaji wa kawaida wa muda mfupi kule England, sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985, fungu la 11, inamtaka mwenye nyumba atengeneze mfumo wa joto na maji ya moto, na kanuni za gesi za 1998 zinamtaka akaguze vifaa vyake kila mwaka na akupe karatasi ya ukaguzi. Mwandikie ujumbe, msiishie kwenye simu.

Mwenye nyumba anayefikiria kuachana na gesi kabisa, serikali inachangia pauni 7,500 kwa pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kulileta ndani, kule England na Wales. Kwa nyumba yenye kuta zinazovuja joto, ningeshughulikia kuta kwanza; ila hilo ni somo la siku nyingine. Kama uamuzi wenyewe ni boila, ufanyeni Juni au Julai. Mwezi Desemba watoto wanatetemeka na hakuna anayebishana bei.

Maswali sasa. Naona kaka pale mbele ana karatasi ya makadirio mkononi. Ilete tuisome wote, funika jina la kampuni tu.