Damu, Mbu na Binadamu wa Kesho

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie tunakoelekea kama binadamu. Nitaanzia kwenye damu, maana humo mageuko yetu, yaani kubadilika kwetu kizazi hadi kizazi, yanaonekana waziwazi kuliko kwenye mifupa ya makumbusho.

Kwenye kromosomu ya 11, mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba vyetu, kuna kinasaba kinachoelekeza utengenezaji wa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu. Ikibadilika herufi moja tu ya maelekezo yaliyomo humo, hemoglobini hunata pale oksijeni inapopungua, na chembe nyekundu ya damu, ambayo kwa kawaida ni ya mviringo, hupinda kama mundu. Mtoto aliyerithi herufi hiyo kwa baba na kwa mama huugua selimundu: maumivu ya mifupa, upungufu wa damu, wengine hata kiharusi wangali wadogo. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja, yaani mbebaji, huishi mzima, tena malaria kali humpata kwa nadra.

Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alianza kupima damu za watu huko mwaka 1949. Akakuta wabebaji wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ila nyanda za juu, kwenye baridi isiyowafaa mbu, karibu hakuna. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba malaria ndiyo iliyokilea kinasaba hiki. Hapo nasisitiza, kwani wengi wetu hudhani mageuko yanatupeleka kwenye ubora. Hayana mpango huo. Huachia kizazi kijacho kile kilichomvusha mtoto utotoni, mahali fulani na wakati fulani, hata kama gharama yake ni mtoto mwingine.

Na gharama hiyo tunaipigia hesabu vibaya. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mgonjwa. Kila mimba, jamani! Utasikia watu wakisema, "Wa kwanza ameshaugua, basi watatu wanaofuata wamesalimika." Si hivyo. Kila mimba inaanza hesabu upya.

Sasa sayansi imeingilia kati: vyandarua, dawa mseto, na chanjo ya malaria iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Malaria ikipungua, kinasaba hiki kinakosa kazi, lakini hakiondoki kwa sababu hiyo. Marekani ilitokomeza malaria mwanzoni mwa miaka ya 1950, na hadi leo wako wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani huko wanaokibeba. Halafu, wagonjwa wakipata haidroksiurea, kidonge cha kupunguza makali ya selimundu, wakakua, wakaoa na kuolewa, watakirithisha. Sisemi wasizae, msininukuu vibaya. Nasema kidonge nacho kimeshakuwa sehemu ya mazingira yanayotuchuja.

Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu, ya kwanza duniani ya kuhariri vinasaba kwa CRISPR, mbinu ya kukata kinasaba mahali palipochaguliwa. Marekani ikafuata Desemba. Seli za uboho za mgonjwa hutolewa na kuhaririwa ili zirudie kutengeneza hemoglobini ile ya mtoto aliye tumboni, ambayo hainati. Mgonjwa hupewa dawa kali ya kuua uboho uliobaki, ndipo seli zake hurudishwa mwilini. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Na pamoja na yote hayo, aliyetibiwa bado atawarithisha watoto wake herufi ile ile, kwa sababu mayai au mbegu zake hazikuguswa.

Kugusa huko kumeshajaribiwa. Mwaka 2018 He Jiankui wa China alitangaza kuzaliwa kwa mapacha aliowahariri wakiwa viinitete, yaani mimba changa kabisa, si kwa ajili ya selimundu bali ili wasiambukizwe Virusi vya Ukimwi. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Tuseme kesho mtu aje na mbinu ya kukifuta kinasaba cha selimundu katika viinitete vyote vya Kanda ya Ziwa. Mimi ningempinga maadamu malaria ingalipo, maana angewavua kinga wabebaji ambao hata si wagonjwa. Tumtibu mgonjwa, ukoo tuuache kwanza.

Fedha ningezielekeza kwenye kuwapima watoto wachanga kwa tone la damu ya kisigino. Anayegundulika mapema huanzishiwa penisilini na kuchanjwa dhidi ya nimonia kabla maambukizi hayajamkuta. Hilo halihitaji CRISPR wala dola milioni mbili, na ndilo linaloamua leo nani atafika umri wa kuwa mzazi.