Kabla hamjaenda Tandale

Habari za jioni, wanangu. Nimeambiwa mmechanga fedha, mmenunua sabuni na sukari, na Jumamosi mnakwenda Tandale kukitembelea kikundi cha akina mama. Nimefurahi sana. Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii uswahilini kwa miaka mingi, kwa hiyo leo naomba tuzungumze juu ya sanduku lao la fedha.

Kikundi mnachokwenda kukiona ni kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana. Mfumo huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa akina mama wa Maradi, na ulipofika kwetu uliwakuta wanawake ambao tayari wanacheza mchezo. Lakini mchezo humpa mmoja fedha zote kwa zamu. Kwenye kikoba kila mmoja hununua hisa, fedha hukopeshwa kwa riba ndogo, na mzunguko ukiisha, aghalabu baada ya mwaka, watu hugawana kadiri ya hisa zao. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo wanazo watu watatu. Anayelala na sanduku hana hata mmoja. Fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Anayechelewa hulipa faini. Mkopaji anajua amebeba jasho la mwenzake aliyekaa naye mkeka mmoja, ndiyo maana anarejesha.

Sasa mgeni anakuja na bahasha nene, anaitumbukiza humo. Nimeshuhudia vikundi vikifa kwa njia hiyo. Watu wanaanza kusema hizi ni za wafadhili. Mmoja analegea kurejesha, jirani anamwona, naye analegea, na sanduku lililojazwa kwa elfu mbili mbili linavunjika.

Likivunjika, mama anakwenda kwa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Huko marejesho ni ya kila siku au kila wiki, na akishindwa wanakuja kubeba friji, kochi, hata godoro. Mama aliyeamka saa kumi usiku kukaanga maandazi anamkabidhi mkopeshaji faida yote kabla ya adhuhuri, na kesho hana mtaji wa unga. Inaniuma kila nikiona hivyo.

Kwa hiyo mchango wenu, wenyewe wakiridhia, uingie mfuko wa jamii. Huo una hesabu yake pembeni, ni wa ugonjwa na misiba, na ndio unaokauka kwanza. Kwa wanaokaa kando ya Mto Ng'ombe, masika moja tu maji yakiingia ndani, mtaji wote unaloa. Na vitu ambavyo bado hamjanunua, nunueni huko huko. Soko la nafaka liko Tandale, na akina mama wa kikundi wengine ndio wanaouza rejareja.

Kuna jambo kubwa zaidi mnaloliweza. Kwa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejea 2024 kwa utaratibu mpya, na maombi sasa hupitia mfumo wa mtandaoni. Katiba ya kikundi mara nyingi imeandikwa kwa mkono kwenye daftari. Nyinyi mna kompyuta na bando. Kaeni na katibu, mchape katiba, mjaze maombi naye akiwa ameshika kipanya mwenyewe, ili mwaka ujao asimtafute mtu. Mtaniuliza, je, hiyo nayo si fedha ya nje? Ni ya nje, ila ina mkataba, inaingia akaunti ya benki, na kikundi kizima kinadaiwa. Haichanganywi na sanduku.

Msifike saa sita mchana. Hiyo ndiyo saa ya mama lishe kuuza, na kumwita mkutanoni ni kumnyima chakula cha watoto. Nendeni saa kumi, siku yao ya kikao, mpitie kwanza ofisi ya serikali ya mtaa mjitambulishe. Mkiwa kikaoni, kaeni nao mkekani, msiombe viti. Picha za sanduku na daftari la hesabu msipige kabisa. Nyumba linakolala sanduku wanaijua wachache, na usalama wa fedha zile unategemea hilo.