Kinachohesabiwa ni Kilichomo Ndani

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Walimu wangu mlioketi mbele, na nyinyi vijana mliojazana madirishani kutafuta upepo wa Tudor, ahsanteni kwa kuja.

Leo ni kanuni ya Gauss, yule mwanahisabati Mjerumani: kanuni ya uga wa umeme unaoupenya uso uliofungwa. Sikuja na vifaa. Nina chaji moja tu ya umeme, chanya, ya nanokulombi 1, yaani sehemu ya bilioni ya kulombi, kipimo cha chaji, na hata hiyo ni ya kufikirika. Tuseme inaelea hapa mbele yangu. Tuizungushie tufe lenye nusukipenyo cha mita 1. Uga wa umeme, yaani nguvu ambayo kila kulombi ingesukumwa nayo, usoni mwa tufe ni kama nyutoni 9 kwa kulombi, na eneo lake ni mita mraba 12.57. Zidisha, upate 113. Hiyo ndiyo fluksi, yaani kiasi cha uga kinachoupenya uso mzima. Sasa tufe tulikuze, nusukipenyo kiwe mita 2. Uga unashuka hadi 2.25, eneo linapanda hadi 50.27. Zidisha tena. 113 ile ile!

Hapo msipite mbio. Uga hupungua kwa mraba wa umbali, jambo alilolipima Mfaransa Coulomb mwaka 1785, na eneo la tufe huongezeka kwa mraba huo huo. Kinachopotea huku kinafidiwa kule. Lau kipeo, yaani ile 2 ya mraba wa umbali, kingekuwa 2.1 badala ya 2, mhadhara huu ungeishia hapa. Watu wamekichunguza kipeo hicho bila huruma: jaribio lililofanywa Marekani mwaka 1971 halikukiona kikiachana na 2 hata kwenye tarakimu ya 15 baada ya nukta.

Wala si lazima uso uwe tufe. Ubonyeze, uvute, bora usiutoboe. Uso ukiinama, uga unaohesabika ni ule unaoupenya wima tu, kwa hiyo tunazidisha kwa kosaini ya pembe. Lakini kuinama kwenyewe kumeongeza eneo kwa kadiri ile ile. Jumla haitikisiki. Ndiyo kanuni ya Gauss: fluksi yote ni chaji iliyomo ndani ukigawanya kwa 8.85 × 10⁻¹², namba isiyobadilika ya umeme katika ombwe. Gauss aliiandika mwaka 1835, ikachapishwa 1867 yeye akiwa keshafariki. Mwanahisabati Lagrange, kwa kweli, alikuwa amekwisha kuigusa mwaka 1773, ila jina halikumwendea.

Na chaji ikiwa nje? Mvuvi wa Mtongwe akizamisha dema, ule mtego wa samaki wenye matundu, mkondoni, maji huingilia upande mmoja yakatokea wa pili. Yanayoingia ni sawa na yanayotoka, basi hesabu ni sifuri, ingawa humo ndani maji yanakwenda kasi. Ili yatoke mengi kuliko yaliyoingia, ndani ya dema pangehitajika chemchemi. Chaji chanya ndiyo chemchemi yetu. Chaji hasi ni shimo la kumeza.

Hapa ndipo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapoteleza kila muhula: fluksi sifuri, wanaandika uga sifuri. Sivyo. Weka ndani chaji chanya na hasi zilizo sawa: fluksi yote ni sifuri, na uga umejaa tele kila upande. Kanuni ni kweli kwa uso wowote uliofungwa, lakini kukupa uga wenyewe inakubali tu pale umbo lina ulinganifu, kama tufe, silinda ndefu au bapa pana.

Kijana mmoja kaniuliza mlangoni: chaji ikikaa katikati ya mchemraba, kila uso unapata sehemu ya sita, je, ikikaa kwenye kona? Zungusha kona hiyo kwa michemraba 8, chaji iwe katikati yao wote. Mchemraba wako unapata sehemu ya nane. Nyuso tatu zinazokutana kwenye kona hazipati kitu, kwa sababu uga unateleza sambamba nazo bila kuzipenya. Zimebaki tatu za mbali, zinagawana sawasawa: kila moja 1/24. Kwa chaji yetu hii, ni 4.7 hivi.

Haya, maswali.