Magunia ya Nahodha: Kwa Nini Picha Huivunja Programu

Assalamu alaikum ndugu zangu. Mlionisikia siku za nyuma mnajua nitaanzia wapi: kuzidisha. Ndiyo, kule kwa shule ya msingi.

Jahazi likifunga gatini hapa Lamu, karatasi ya nahodha ikasema magunia 40, mwenye ghala huhesabu. Maktaba ya kusomea picha, yaani msimbo ambao programu huuazima ili kufungua picha, ikiandikwa ovyo haihesabu. Chukueni faili ya PNG, aina mojawapo ya picha. Baiti ya 16 hadi ya 19, ukianzia sifuri, ni upana. Ya 20 hadi ya 23 ni urefu. Kaziandika nani? Aliyeitengeneza faili! Naye huenda ni mwizi.

Haya, mwizi kaandika upana 32,769, urefu 32,768, na kila nukta yataka baiti 4. Toeni simu mzidishe. 4,295,098,368, sivyo? Namba ya biti 32, yaani yenye nafasi 32 za sifuri au moja, huishia 4,294,967,295. Basi hesabu inazunguka, kama saa inavyotoka kumi na mbili ikarudi moja, inabaki 131,072. Programu inaomba kumbukumbu ya baiti 131,072, inapewa, inaanza kumimina. Mstari wa kwanza peke yake ni baiti 131,076. Mistari iko 32,768, na hata huo wa kwanza haukuenea! Baiti 4 zishamwagikia jirani. Mistari inayofuata ikifika penye anwani inayoiambia programu iende wapi baadaye, usukani ni wa mwizi.

Namuona mtu anataka kunikumbusha CRC, ile namba ya uhakiki iliyomo ndani ya PNG. CRC hukamata faili iliyoharibika njiani. Mwizi huikokotoa upya, kwani atashindwa na nini? Na wewe unayesema utakagua ukishazidisha: utakagua 131,072, namba safi isiyo na kosa. Gawanya kwanza! Urefu ukiwa sifuri, kataa faili. Kisha chukua kikomo chako cha baiti unazokubali, gawa kwa 4, gawa kwa urefu. Upana ukizidi hapo, kataa.

“Mimi naandika Python, hayanihusu.” Picha yako inafunguliwa na msimbo wa lugha ya C huko chini, bwana. Septemba 2023 kasoro ya libwebp, maktaba ya kusomea picha za WebP, iliwalazimu Chrome na Firefox kutoa masahihisho. Pale halikuwa suala la kuzidisha, majedwali ya Huffman, yale ya kufumbulia data iliyobanwa, ndiyo yaliyopita nafasi yake. Tiba ilikuja na toleo 1.3.2, lakini programu iliyobeba nakala yake ndani ya tumbo haiponi kwa kusasisha mfumo. Itafuteni mle mle.

Naona mnatazama saa. Lugha ya Rust, kwa ufupi: haikuachii kuandika nje ya mpaka usipotumia unsafe, neno la kuzima ulinzi wake, ila katika toleo la kusambaza kuzidisha bado huzunguka kimya kimya. Tumieni checked_mul, kuzidisha kunakokwambia hesabu ikipita kikomo.

Majaribio: jengeni kwa kikusanyaji cha clang na -fsanitize=address,fuzzer: address hukamata kumbukumbu ikimwagika, fuzzer ni mchokozi anayeibadilisha faili ovyo na kuijaribu. Huyo mchokozi mpeni faili ndogo ndogo nzima za kuanzia, za kilobaiti chache, si picha za harusi. Mwacheni usiku kucha azichokoechokoe. Faili itakayoiangusha programu msiifute; iingie kwenye majaribio ya kila toleo.

Maswali tukirudi kuswali.