Usiulize Aliimbiwa Nani

Jamani asanteni, basi tuanze. Mtu akipenda wimbo swali lake la kwanza huwa "hivi huyu aliimbiwa nani?" yaani tunamtafuta mchumba tu, wakati mimi naona swali lenye utamu ni siku ile kulitokea nini.

Chukua "Smoke on the Water" ya Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza, hata asiyejua neno moja lile gitaa la mwanzo analijua. Desemba 1971 jamaa wamefika Montreux, Uswisi, kurekodi albamu ndani ya kasino, studio yenyewe imefungwa ndani ya lori wameikodi, kila kitu tayari. Kabla hawajaanza, mwanamuziki Frank Zappa anapiga shoo humohumo, mtu kwenye umati akafyatua bastola ya fataki juu, dari likashika moto! Hakufa mtu, lakini kasino likateketea lote, na wao wako hotelini wanaangalia moshi unavyotanda ziwani. Siku chache baadaye Roger Glover, mpiga besi, kaamka usingizini na jina la wimbo mdomoni, moshi juu ya maji, basi. Ukiyasikiliza maneno yake vizuri ni ripoti ya tukio kabisa, hadi Claude, mwandaaji wa shoo aliyekuwa anakimbia kuwatoa vijana nje, katajwa, na hoteli waliyoishia kurekodi ipo, ilikuwa imefungwa kwa ajili ya baridi wakajibana humo kwenye korido. Mapenzi hapo hata tone hamna.

"Yesterday" ya 1965 ndio kichekesho. Paul McCartney wa Beatles aliamka na melodi nzima kichwani, akawa anazunguka kuuliza watu kama wanaijua maana aliogopa asije akawa ameiba ya mtu, na kwa vile hana maneno akawa anaimba mayai ya kuvuruga. Mayai!

Sasa "Every Breath You Take" ya The Police, 1983, hapa nitawaudhi mliouchezesha harusini. Sting, mwimbaji wa bendi hiyo, aliuandika ndoa yake inavunjika, na anayeimba mle ni mtu aliyekataa kuachwa, kila hatua anakuchunga, kila pumzi anaihesabu, na mwenyewe Sting kasema wazi kwamba ni wimbo wa wivu na kufuatiliana. Melodi ndio inatulaghai, imetulia mno, ukiusikia unataka kumshika mtu mkono. Naona pale nyuma mnaangaliana eeh. Haya, maswali, ila la harusi yako sijibu.