Nyuzi Kwenye Sufuria ya Mama Mkwe

HAMISI: Karibuni tena, ndugu zetu wa nyuzi nene, wapiga gitaa la besi. Hamisi hapa, na dada Neema yuko upande wangu wa kulia kama kawaida. Leo tuliahidi amplifaya: mambo matano ya kuangalia kabla hujatoa hela yako. Nimeyaandika kwenye karatasi hii hapa. Dada Neema, tuanze?

NEEMA: Kaka Hamisi, ngoja kidogo nitue mzigo. Ninao tangu Jumamosi.

HAMISI: Tua.

NEEMA: Unajua nyuzi zangu zilivyokuwa zimechoka. Jumapili tulikuwa na kwaya ya wageni, na mimi sikutaka besi yangu isikike kama mtu anayegonga godoro. Ijumaa nikapita Kariakoo. Bei niliyotajiwa ya nyuzi nne ni nauli yangu ya kazini ya mwezi mzima. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikasema basi, nichemshe.

HAMISI: Hukuchemsha.

NEEMA: Nilichemsha! Jumamosi asubuhi, sufuria kubwa, maji yakatokota, nikatumbukiza zote nne. Sasa hukumbuki kwamba mama mkwe yuko kwetu tangu mwanzo wa mwezi?

HAMISI: Mama yangu!

NEEMA: Na kitu nilichosahau ni ule uzi wa rangi. Nyuzi nyingi za besi zimezungushiwa uzi mwembamba wa rangi huku mwishoni, sehemu inayokaa kwenye funguo. Wangu ni mwekundu. Ulitoa rangi yote. Naenda chumbani kuchukua kitambaa cha kufutia, narudi jikoni, namkuta mama mkwe amefunua, anaangalia maji mekundu. Akaniambia, "Mwanangu, rozela hii mbona hujaiweka tangawizi?"

HAMISI: [anacheka] Rozela!

NEEMA: Kaka, alikuwa ameshashika kopo la sukari.

HAMISI: Ukamwambiaje?

NEEMA: Ukweli. Nikatoa uzi wa E, ule mnene kuliko yote, kwa uma, nikamwonesha. Akauangalia, akaniangalia mimi, akauliza kwa upole kabisa, "Hiyo sufuria niliyokuletea mimi?" Nikasema ndiyo, mama. Akasema, "Basi sasa ni ya gitaa." Jioni alikwenda dukani akanunua nyingine. Ya gitaa ipo, ameiweka chini kabisa ya kabati, kaifunika kitambaa.

HAMISI: Wasikilizaji wetu, kuanzia leo nyuzi zilizochemshwa tunaziita rozela. Basi imekwisha hiyo. Sasa, amplifaya. Jambo la kwanza...

NEEMA: Lakini hujaniuliza kama zilifufuka.

HAMISI: Sikuuliza kwa sababu sitaki kujua.

NEEMA: Zilifufuka! Ngoja niwaeleze wasiojua. Uzi wa besi una waya wa katikati, halafu juu yake umezungushiwa waya mwingine. Kati ya mizunguko kuna vijifereji. Jasho, mafuta ya vidole, vumbi, ngozi iliyokufa, vyote vinakaa mle. Uzi unakuwa mzito, tena si sawasawa, mahali huku zaidi na huku kidogo. Zile sauti za juu zinazong'aa zinakufa kwanza. Maji ya moto yanalegeza uchafu. Dakika kumi zinatosha, unatoa, unafuta, unakausha.

HAMISI: Na hapo kwenye kukausha ndipo penye kazi. Kwa hewa yetu hii ya Dar, unyevu na chumvi ya baharini, uzi ukibaki na maji ndani kwa usiku mmoja umepata kutu.

NEEMA: Nilizianika juani mpaka saa nane, nikazifuta tena. Na ukweli mwingine nauweka mezani: haidumu. Utapata wiki, pengine chini ya hapo. Waya wenyewe umeshachoka, na pale unapokandamizwa kwenye freti, vile vichuma vya shingoni, pana vidonda ambavyo maji hayaponyi. Halafu kila ukiufungua na kuufunga tena, pale kwenye mkunjo unazidi kuwa dhaifu. Kuna wanaotumia spiriti badala ya maji: wanalaza nyuzi kwenye bomba lililozibwa pande zote, usiku kucha. Spiriti inakauka yenyewe, kutu hakuna. Ila iwe mbali na jiko, tafadhali sana, mvuke wake unashika moto.

HAMISI: Na mama mkwe hawezi kudhani ni rozela.

NEEMA: Hilo nalo ni faida.

HAMISI: Sasa nina swali, na nauliza kwa moyo mmoja. Kwa nini ulizichemsha? Nyuzi zako zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kuwa nzuri.

NEEMA: Kaka Hamisi...

HAMISI: Zangu ziko kwenye gitaa tangu 2017. Sijawahi kuzitoa. Uzi mpya wa besi unalia kama kijiko kwenye sahani ya bati. Unaingia kwenye eneo la solo, unaingia kwenye eneo la rithimu, unagombana na kila mtu. Mwalimu wangu pale Magomeni, aliyenifundisha dansi, alikuwa ananiambia, "Wacheza dansi wakianza kukusikia, umekosea. Wakiacha kucheza ukinyamaza, umepatia." Uzi mkuukuu unatoa duara. Du. Du. Unakaa na dramu la mguu kama mtu na kivuli chake.

NEEMA: Na mimi nina waimbaji wa sauti ya nne wamesimama hatua mbili kutoka kwangu. Wanachukua sauti kwangu. Uzi ukifa, si mng'ao tu unaopotea. Ukipiga freti ya kumi na mbili inatakiwa iwe noti ile ile ya uzi wazi, oktava moja juu. Uzi mchafu haupatani tena na freti. Unafunga sawa ukiwa wazi, ukipanda juu unapinda. Mwezi uliopita wazee wangu wa sauti ya nne walishuka wimbo mzima wakinifuata mimi. Mimi ndiye niliyewapotosha, kaka. Nilisikia vibaya sana.

HAMISI: Pole. Lakini hapo rekebisha daraja, pale mwisho wa nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Sogeza kile kitandiko cha uzi, mbele au nyuma.

NEEMA: Nilisogeza mpaka skrubu ikaisha.

HAMISI: Sawa. Basi nikupe James Jamerson. Mpiga besi wa Motown, kampuni ya muziki ya Detroit, Marekani. Besi yake Fender Precision ya 1962, nyuzi bapa, zile zilizozungushiwa utepe badala ya waya wa mviringo. Huyu bwana alikuwa habadilishi uzi mpaka ukatike. Na alipiga kwa kidole kimoja, cha shahada. Dunia nzima ilicheza kwa nyuzi chafu na kidole kimoja!

NEEMA: Nampenda Jamerson kuliko unavyonidhania. Lakini nyuzi bapa hazina vile vijifereji, kwa hiyo hazifi kwa namna zetu hizi za mviringo zinavyokufa. Halafu Motown walimwingiza moja kwa moja kwenye mikisa, ule mtambo wa kuchanganya sauti, na mafundi mitambo waliokaa kwenye ile mikisa walikuwa wanajua kazi. Mimi nyuma yangu nina spika mbili juu ya nguzo na kijana wa fomu tatu.

HAMISI: Kijana ni mzuri.

NEEMA: Kijana ni mzuri sana, ila spika ni ndogo. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Uzi wa E ukiupiga wazi unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Spika yangu ya kanisani haifiki huko chini, na ya simu ndiyo kabisa. Mbona mtu akisikiliza kwenye simu anasikia E? Kwa sababu juu ya 41 kuna 82, kuna 123, kuna 164, inapanda hivyo mpaka juu. Sikio likizipata zile za juu, linaijaza ile ya chini lenyewe. Sasa uzi wako wa 2017 umeua zile za juu. Msikilizaji wa simu unamwachia nini?

HAMISI: Namwachia nafasi ya kuja ukumbini.

NEEMA: Hiyo si hoja!

HAMISI: Ni hoja. Besi haikutengenezwa kwa ajili ya simu. Yule bwana Leo Fender alitoa besi ya Precision mwaka 1951 ili mpiga besi aache kubeba lile zeze kubwa la kusimama, asikike kwenye ukumbi wenye watu. Besi inasikiwa na tumbo.

NEEMA: Mama wa kwaya ambaye yuko nyumbani anauguza na anatufuata kwa simu Jumapili, tumbo lake liko Mbagala.

HAMISI: [kimya] Hapo umenigusa. Lakini sijakubali.

NEEMA: Chukua gitaa lako. Piga ule mstari wa zoezi, wa A.

[besi ya Hamisi inapigwa, mizunguko minne]

HAMISI: Duara hilo.

NEEMA: Sasa mimi, rozela.

[besi ya Neema inapigwa, mizunguko minne]

NEEMA: Umesikia kila noti inavyoanza?

HAMISI: Nimesikia kucha.

NEEMA: Sina kucha, angalia!

HAMISI: Haya, tubadilishane. Piga la kwangu.

[besi ya Hamisi inapigwa na Neema]

HAMISI: Unaona? Umesikia? Inatoa sauti yako! Nyuzi zangu, tangu 2017, zimetoa sauti ya dada Neema. Ni vidole. Mkono wako ndio unaong'aa, waya hauna habari. Ungeokoa sufuria ya watu.

NEEMA: Hapana, hapana. Angalia mkono wangu ulikuwa wapi. Ulikuwa huku nyuma karibu na daraja, tena nimekaza mpaka kiwiko kinauma. Ukipiga karibu na daraja uzi unang'aa, ukisogea karibu na shingo unakuwa duara. Nimelazimika kulitafuta kwa nguvu lile ambalo kwangu linakuja bure. Ibada inachukua saa mbili na nusu, kaka. Siwezi kukaza saa mbili na nusu.

HAMISI: Na mimi nikipiga lako nasogea shingoni, nalaza kiganja, naweka sifongo chini ya nyuzi pale darajani, ili nipate lile ambalo kwangu linakuja bure.

NEEMA: Basi umesema mwenyewe kwamba nyuzi zina kazi.

HAMISI: Nimesema mkono unaweza.

NEEMA: Umesema sifongo.

HAMISI: Sifongo kinawekwa na mkono.

NEEMA: Kaka Hamisi!

HAMISI: Sitoki hapa, dada yangu. Nakuheshimu, lakini sitoki.

NEEMA: Na mimi sitoki. Tukae hivi hivi.

HAMISI: Tukae. [anafungua karatasi] Wapendwa, karatasi yangu ya amplifaya... saa ngapi hiyo?

NEEMA: Zimebaki dakika nne. Vijana wa tarumbeta wanaingia saa kumi na moja kamili, nimeshawaona nje wanashusha mizigo.

HAMISI: Mambo matano hayaenei.

NEEMA: Toa moja. Lile la umeme. Yule msikilizaji wa Dodoma anasubiri, kaka yake anamletea amplifaya ya mkono wa pili kutoka Marekani, na nisingependa aichomeke kabla hujamjibu.

HAMISI: Kweli, hilo haliwezi kungoja. Ndugu yetu wa Dodoma, usichomeke. Nyumba za Marekani zina umeme wa volti 120. Kwetu ni 230. Geuza amplifaya, soma kibandiko cha nyuma, karibu na pale waya wa umeme unapoingia. Kikiandika 120 peke yake, ukuta wetu unaweza kuiunguza sekunde ile ile. Nyingine zina swichi ya kuchagua nyuma, na nyingine zinapokea kuanzia 100 mpaka 240 zenyewe, kibandiko kitasema. Kama haina, tafuta transfoma ya kushusha umeme, na iwe inabeba wati nyingi kuliko zile inazokula amplifaya, ipate nafasi ya kupumua. Usinunue ile inayotosha kwa kubanana.

NEEMA: Na adapta ya pini?

HAMISI: Adapta ya pini inabadilisha umbo la plagi. Umeme unapita vile vile. Watu wengi wameunguzia hapo.

NEEMA: Na la wati? Lile linaloniudhi, la watu kudhani wati 100 zina sauti mara mbili ya 50?

HAMISI: Tofauti yake ni ndogo, unaisikia kwa kutega sikio. Kupata sauti ya mara mbili unahitaji kama wati mara kumi. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia wati, angalia spika, ukubwa wake na...

[mlango unagongwa]

NEEMA: Wamefika.

HAMISI: Omu, kipimo cha ukinzani wa spika, sijagusa. Omu ndilo jambo lenyewe, ndugu zangu, spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa 4, na amplifaya isiyokubali 4...

NEEMA: Karibuni, karibuni, tunatoka! Kaka, itabidi iwe wiki ijayo.

HAMISI: Wiki ijayo karatasi hii hii. Na nyuzi zangu hizi hizi.

NEEMA: Nami nitakuwa nimezichemsha tena.

HAMISI: Msalimie mama mkwe, mwambie tangawizi nitaleta mimi. Dada Neema, kebo! Umeiacha kwenye gitaa.

NEEMA: Betri yangu! Ile ya volti tisa iliyo ndani ya gitaa, nimeiweka juzi tu. Asante, kaka. Kebo ikikaa imechomekwa inakula betri hata hupigi. Hilo nalo tuliweke kwenye karatasi.

HAMISI: La sita.

[mlango unafunguliwa, tarumbeta inajaribiwa kwa mbali]