Kompyuta Inayozima na Kuwaka Yenyewe: Swali Kabla ya Bisibisi

Mhadhara kwa mafundi na wenye steshenari, Kirumba, Mwanza

Shikamooni wazee wetu, na vijana wenzangu habari za asubuhi. Nawashukuru mlioacha maduka yenu, wengine mkavuka kwa kivuko kutoka Kamanga, ili tuzungumze jambo moja tu: kompyuta ya mezani inayozima na kuwaka yenyewe mtu akiwa katikati ya kazi. Nimelichagua kwa sababu naamini tatizo hili linawatoa wateja wetu fedha nyingi bila sababu. Mteja akileta mashine ya namna hiyo, wengi wetu tunaanza kwa kupiga Windows upya. Isipopona tunabadilisha RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ikigoma tena tunamwambia mazabodi, yaani bodi kuu inayounganisha vifaa vyote, imekufa. Kila hatua analipa, na hakuna hata moja iliyotanguliwa na kipimo. Msimamo wangu ni kwamba namna mashine inavyozima ndiyo ushahidi wa kwanza, na ushahidi huo anao mteja, kwa hiyo tumuulize yeye kwanza: ilizima vipi, ulikuwa unafanya nini, na ni kitu gani kingine kilikuwa kinatumia umeme mle ndani wakati huo?

Tuanze na hilo la namna ya kuzima. Kuna mashine inayoaga: inafunga programu, inaonyesha maandishi kwamba inawaka upya, ndipo inazima. Hiyo kwa kawaida ni masasisho ya Windows au programu fulani imeiagiza, na haina ugonjwa wa vifaa. Kuna inayotoa skrini ya bluu, yaani ukurasa wa kosa kubwa la Windows, hata kama ni kwa sekunde moja tu. Halafu kuna inayoingia giza ghafla, kama mtu aliyechomoa waya ukutani, kisha ikawaka tena. Mteja hawezi kuzitenganisha kwa majina, lakini ukimuuliza vizuri atakueleza alichokiona.

Asipokumbuka, mashine yenyewe inakumbuka. Andika eventvwr kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua kumbukumbu za mfumo, kisha tafuta saa ileile ambayo mteja amekutajia. Ukikuta tukio namba 1074, mashine ilizimwa kwa utaratibu, na jina la programu iliyoagiza limeandikwa hapo hapo. Ukikuta namba 41 lenye jina Kernel-Power, naomba msimame kidogo, maana hapa ndipo wengi tunapopotoka. Nimesikia fundi akimwambia mteja kwamba tukio hilo linathibitisha pawasaplai, yaani boksi linaloilisha kompyuta umeme, ni mbovu. Halithibitishi hivyo. Linasema tu kwamba mashine imewaka bila kuwa imezimwa vizuri kabla, jambo ambalo mteja alikwisha kukueleza mlangoni. Chenye faida kiko ndani yake: fungua maelezo kamili, utafute BugcheckCode. Ikiwa ni sifuri, Windows haikupata nafasi ya kuandika kosa lolote, na mara nyingi hiyo huelekeza kwenye umeme, joto au kuganda kabisa kwa mashine. Ikiwa si sifuri, kulikuwa na skrini ya bluu, na namba yake ndiyo pa kuanzia.

Na kama skrini ya bluu inapita upesi mno, izuie isikimbie. Andika sysdm.cpl, ingia kwenye mipangilio ya juu, sehemu inayohusu kuwaka na kurejesha mfumo, uondoe tiki kwenye kisanduku kinachoruhusu mashine kujiwasha upya baada ya kosa. Kuanzia hapo skrini itabaki palepale, na mteja ataipiga picha kwa simu yake.

Sasa niingie kwenye umeme, nami nitakaa hapa kwa muda, kwa kuwa huku kwetu ndipo mashine nyingi za giza la ghafla zinapoishia.

Mwaka jana niliitwa kwenye steshenari moja si mbali na hapa tulipo. Mashine ilikuwa imepigwa Windows mara mbili na kubadilishiwa RAM mara moja, na bado ilikuwa inazima. Nilipomuuliza mama mwenye duka inazima saa ngapi, alinijibu kwamba haina saa, inazima wanafunzi wakijaa. Kwa dakika kadhaa sikuelewa wingi wa wanafunzi unaihusu nini kompyuta. Kisha nikamwomba aendelee na kazi kama kawaida, nami nikakaa nikitazama. Mwanafunzi wa kwanza akaja na fleshi yake, mama akabofya kuchapa, printa ya leza ikaanza kunguruma, taa ya dukani ikafifia kidogo, na kompyuta ikazima.

Printa ya leza ina kipande cha ndani kinachopashwa moto ili wino wa unga uyeyuke na kushika kwenye karatasi, na kinapoanza kupata moto kinavuta mamia ya wati kwa mkupuo. Printa ile, mashine ya fotokopi na kompyuta mbili zilikuwa kwenye ekstensheni moja. Nilipima kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme: kabla ya kuchapa, umeme ulikuwa juu kidogo ya volti 220, printa ilipoanza kupasha moto, ukaporomoka hadi karibu 175. Nikazima kila kitu, nikachomoa plagi ya ekstensheni. Pini moja ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, na plastiki iliyoizunguka ilikuwa imelainika, ikabonyea nilipoigusa kwa ukucha. Mguso umelegea, ukawa unapata moto, na kila mzigo ulipoongezeka volti zilikuwa zinapotelea hapo kabla ya kuifikia kompyuta.

Lakini mama akauliza swali ambalo fundi yeyote angepaswa kuliuliza: mbona kompyuta ya pili, kwenye ekstensheni ileile, haikuzima hata siku moja? Jibu liko ndani ya pawasaplai. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mzunguko mmoja unachukua milisekunde 20. Pawasaplai nzuri ina kapasita kubwa inayohifadhi akiba, na viwango vya ATX, yaani vya vifaa vya kompyuta za mezani, vilivyotumika kwa miaka mingi vilitaka akiba hiyo iibebe mashine yenye mzigo kamili kwa takribani milisekunde 16 umeme ukipotea. Kapasita ikizeeka, akiba inapungua. Tena pawasaplai inapeleka kwenye mazabodi ishara, kupitia waya wa kijivu, kwamba umeme uko sawa. Ishara hiyo ikishuka hata kwa kitambo kidogo, mazabodi inaanza upya mara moja, bila kuandika chochote. Basi kompyuta mbili zilipata mtikisiko uleule, moja ilikuwa na akiba ya kuuvuka, nyingine haikuwa nayo.

Nilihamishia printa kwenye soketi yake ya ukutani na kuitupa ile ekstensheni, na kuzima kukakoma. Hata hivyo nilipima pia pawasaplai mashine ikiwa kazini. Waya wa njano, unaotakiwa kuwa na volti 12, unaruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 5, yaani usiwe chini ya 11.4, ule ulisoma 11.2. Waya mwekundu wa volti 5 usishuke chini ya 4.75. Nilimshauri mama aibadilishe, na hiyo ndiyo fedha pekee aliyostahili kuitoa tangu mwanzo, pamoja na bei ya ekstensheni. Nasisitiza: tunapima kwenye plagi zinazotoka nje, hatufungui boksi la pawasaplai. Ndani yake kuna umeme wa zaidi ya volti 300, nao unaweza kubaki kwenye kapasita hata waya ukishachomolewa.

Wenye UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, msijione mmesalimika. Betri ikifa, UPS inaweza kuendelea kuwasha taa yake ya kijani kana kwamba ni nzima, na siku umeme ukiyumba mashine inazima vilevile. Ijaribu kwa kuunganisha taa ya kawaida, kisha uchomoe UPS ukutani uone kama taa inaendelea kuwaka. Na printa ya leza isiunganishwe kwenye UPS.

Joto lina tabia tofauti. Mashine inazima baada ya kufanya kazi kwa muda, tuseme nusu saa, kisha ikiwaka inazima tena mapema zaidi, kwa sababu haikupata nafasi ya kupoa. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, nyingi za kisasa hupunguza kasi zikikaribia nyuzi 100, hivyo mteja mara nyingi atakuambia ilianza kuwa nzito kwanza. Sisi wa pembezoni mwa ziwa tuna mgeni wa ziada: wale wadudu wadogo wanaopanda juu ya maji kama moshi na kufuata taa za madukani usiku. Feni inawavuta ndani, wanakufa kati ya mapezi ya chuma cha kupoza prosesa, wanachanganyika na vumbi, na baada ya miezi inakuwa kama blanketi la kijivu ambalo hewa haipiti. Ukipuliza kwa mashine ya upepo, zuia feni kwa kidole isizunguke. Ukiking'oa chuma hicho, futa pesti yote ya zamani inayopitisha joto kati yake na prosesa, upake mpya kidogo.

RAM nayo ina alama yake: skrini za bluu zenye namba tofauti kila mara, au programu zinazojifunga ovyo. Ichomoe, safisha meno yake kwa ufutio laini, irudishe, kisha endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye fleshi, kipande kimoja kimoja, usiku kucha ikibidi. Kosa hata moja linatosha kukihukumu kipande hicho. Kapasita za mazabodi zilizovimba kichwani au kuvuja utaziona kwa macho. Na msisahau kitufe cha kuwasha upya kilichoko mbele ya kasha, maana kikikwama kwa uchafu kinaizima mashine kama mzuka. Chomoa waya wake mwembamba kwenye mazabodi, uiache siku mbili, uone.

Mashine iliyo hapa mezani imeletwa asubuhi hii kutoka Igoma, nami sijaifungua wala kuiwasha. Dada uliyeileta, tafadhali simama utusaidie: mara ya mwisho ilipozima, ulikuwa unafanya nini, na ni nini kingine kilikuwa kinawaka pale dukani?